Thani na Mrushaji Bora wa Dunia

Ndugu yangu Thani anaujua mpira wa Kimarekani kuliko mtu yeyote Sib, na wala si sifa kubwa hiyo, maana hapa Sib, Oman, nani mwengine anaujua? Vijana wa mtaani kwetu wanacheza mpira wa miguu kule ufukweni kama watu wote wa dunia. Yeye kajiletea wake kutoka Amerika alikokwenda kusoma, ule mpira wenye umbo la papai, unakamatwa kwa mikono na watu wanaangushana kama wanagombea urithi. Aliurudisha ndani ya sanduku moja na shahada yake. Shahada sijui iko kabati gani. Mpira uko majlisi, chumba chetu cha wageni, juu ya rafu, anaupaka mafuta ya ngozi kwa mkono wake, na hakuna mwenye ruhusa ya kuushika.

Mie ni dada yake, Masouda. Nimembeba mgongoni Unguja, nimemshika mkono siku tuliyoteremka Maskati yeye bado anavaa kaptura, nimemlilia uwanja wa ndege alipokwenda masomoni. Kwa hivyo nikimsema, nna haki ya kumsema. Na leo nataka kumsema, kwa sababu kila anayemjua atakwambia Thani ni mtu mwema, hana ugomvi na mtu, miaka yote aliyofanya kazi wizarani hajampandishia mtu sauti. Yote hayo ni kweli, na ndiyo yanayonitia uchungu.

Katika mchezo wake huo kuna mtu mmoja wanamwita kotabeki. Huyo ndiye mrushaji. Mpira ukianza anapewa yeye, mbele yake yamesimama majitu matano kumkinga asiangushwe, na ana muda wa kupiga chafya tu kuamua amrushie nani. Wakishinda, kashinda yeye. Wakishindwa, kashindwa yeye. Mie sijapata kuutazama mchezo mzima hata siku moja, lakini tangu nilipofiwa na mume wangu nikahamia kwa Thani, kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana nayasikia hayo hayo. Jikoni na majlisi vimetenganishwa na ukumbi mwembamba, na mie si kiziwi.

Mshindani wake mkubwa ni Jaifar, waliyesoma naye huko huko Amerika. Anakuja na wengine wawili watatu, lakini wanaobishana khasa ni hao. Na mjadala ni mmoja tu: nani kotabeki bora kupita wote tangu mchezo uanze. Jaifar humtaja wake, mwenye makombe mengi. Thani atamwambia kombe ni la timu, hata mpishi wa timu anapiga nalo picha. Wiki ya pili Jaifar anakuja na mwengine, mwenye mkono wa kurusha mpira kutoka hapa mpaka msikitini. Thani atasema mkono bila ya akili ni manati. Haya, Jaifar anamtafuta mwenye akili. Thani atasema huyo hakudumu, goti limemtupa mapema. Anamtafuta aliyedumu mpaka nywele zikamtoka, na Thani atasema kadumu kwa sababu alikingwa vizuri, hata yeye angekingwa vile angekuwa anacheza mpaka leo. Wanacheka, wanamimina kahawa nyengine, wanaanza upya.

Ilinichukua muda kutambua kwamba Thani mwenyewe hamtaji mtu. Kila kipimo anakileta yeye, na mtu akikifikia tu, kipimo kishahamishwa. Nikamuuliza siku moja, wako wewe ni yupi? Akacheka, akaniambia, dada, nikishamtaja tutazungumza nini tena? Nikaona ni mzaha wa wanaume, nikaenda kuteleka wali wangu.

Sasa nije kwa Reem. Reem ni binti yake, mtoto wake wa pekee. Mkewe Thani, Hamdiya, Mungu amrehemu, alifariki Reem bado yuko skuli. Thani hakuoa tena, na watu wakamsifu sana, ati kajinyima kwa ajili ya mwanawe. Mie niliyemo ndani ya nyumba naona nani kajinyima kwa ajili ya nani. Reem ndiye anayejua kanzu ipi ya Ijumaa na ipi ya kwendea maziko, dawa ya presha iko wapi na imebaki kiasi gani, chai itiwe iliki namna gani. Asubuhi anatoka na gari yake, anakaa kwenye foleni mpaka Al Khuwair, anafanya kazi yake ofisini, anarudi kwa foleni ile ile, anavua abaya, anaingia jikoni. Thani hajui mashine ya kufulia inawashwa upande gani. Simsingizii. Nimemjaribu.

Waposaji wamekuja, alhamdulillahi, wala hawakuwa wachache. Wa kwanza alikuwa hana shahada. Wa pili alikuwa nayo, lakini anakaa kwa mamake. Akaja mwenye nyumba yake, Thani akasema nyumba yenyewe iko Sohar, binti yangu nitamwona lini? Akaja wa hapa hapa Maskati, kazi nzuri, dini nzuri, sura yake mashallah. Thani akasema kijana huyo anacheka sana. Anacheka sana! Wote hao hakumwambia hata mmoja hapana. Aliwaambia tutaangalia, tutafikiri, kheri inshallah, mpaka wenyewe wakachoka wakaoa kwengine. Reem hakuwa na moyo na yeyote kati yao, kwa hivyo hakulalamika. Lakini miaka haikai kumngoja mtu, akapita thelathini, na njia ya nyumbani kwetu ikaanza kuota nyasi.

Halafu akatokea Yazid. Mtu wa Qurayyat, kafiwa na babake akiwa mdogo, kalelewa na ami yake, Saud, mwenye boti za uvuvi na duka la nyavu. Yazid anafanya kazi Al Khuwair, jengo moja na Reem. Siku aliyonieleza Reem tulikuwa tunakwenda sokoni, mie na yeye. Akaegesha gari pembeni, mikono ikabaki kwenye usukani, akaniambia bila ya kunitazama.

"Shangazi, huyu namtaka."

Mtoto nimemlea, sijapata kumsikia akitamka kwamba anataka kitu. Hata viatu vya Idi alikuwa akinunuliwa anavaa. Nikamwombea dua pale pale ndani ya gari.

Reem akili anayo. Alimjua babake, kwamba hakatai, anapima, na atapima mpaka siku ya kiama. Akaona dawa yake ni kumletea mtu atakayeingilia mlango ule Thani anaoupenda. Basi akamtia Yazid darasani. Kijana wa watu, aliyekulia kwenye nyavu na chambo, akawa kila mapumziko ya kazi anatazama michezo ya zamani kwenye simu, na Reem anamtumia maswali. Nani alirusha wapi, nani alishinda nini, nani kaumia lini. Kayahifadhi majina ya Wamarekani kama mtoto wa chuo cha Kurani anavyohifadhi sura fupi. Reem alikuwa akinisimulia huku tunachambua mchele, anacheka peke yake. Nyumba ile ilikuwa haijasikia kicheko cha namna ile tangu Hamdiya.

Siku ya posa ikapangwa, Jumamosi baada ya alasiri. Kwetu hapa jambo hili lina adabu zake. Wageni wanakuja na mkubwa wao, wanakaa, wanakula halwa, wanakunywa kahawa, wanazungumza mvua na barabara na bei ya samaki. Halafu mwenye nyumba ananyamaza, anawapa nafasi, na mkubwa wa wageni anaweka kikombe chini, anasema lililowaleta. Wenye binti hawalianzi wao. Ukilianza wewe mwenye binti, umemnadi mwanao. Na mwisho wa yote ndiyo unakuja udi. Chetezo kinazungushwa, kila mtu anafukiza ndevu na kanzu yake, na udi ukishapita hakai mtu. Mtoto mdogo wa Oman analijua hilo. Umeletewa udi, umeambiwa kwaheri kwa heshima.

Mkaa niliuwasha mie mwenyewe. Nikauweka kwenye chetezo, nikakiegesha juu ya kimeza cha ukumbini, na kijaluba cha udi pembeni yake, ili wakishapeana mikono wakasoma Fatiha, uwe tayari. Nikakaa kwenye kiti nyuma ya pazia. Reem alisimama nyuma yangu, mkono kauweka begani kwangu.

Akaja Saud na Yazid na wazee wawili wa Qurayyat. Upande wetu Thani na Jaifar. Wakaamkuana, wakaulizana khabari za watu wazima na za marehemu, kahawa ikapita. Yazid akangoja Thani amuulize, na Thani akamuuliza, muda wako wa mapumziko unaupitisha vipi mwanangu? Akajibu kama alivyofundishwa, kwa haya, kwamba anapenda kutazama mpira wa Kimarekani, na zaidi anapenda kuwatazama makotabeki.

Nilimsikia Thani anavyobadilika sauti. Akawa kijana. Akanyanyuka, akaenda kwenye rafu, na kwa tundu la pazia nikamwona kwa macho yangu anautoa ule mpira na kuuweka mikononi mwa Yazid. Jaifar mwenyewe hajapata kupewa! Vidole vya Reem vikanibana bega mpaka nikaumia, nami nikamwachia anibane.

Akamuuliza, bora wao ni nani? Yazid akamtaja mmoja, jina siwezi kulitamka, aliyecheza timu mbovu maisha yake yote na hakupata kombe hata moja. Jaifar akacheka. Thani akasema lete hoja. Yazid akasema mrushaji asipimwe kwa makombe wala kwa mkono wake, apimwe kwa wale wanaoudaka mpira. Huyu, akasema, alikuwa akipewa watu wasiotakiwa na timu yoyote, anawarushia, wanakuwa watu wa maana. Wakitoka kwake kwenda kwengine wanarudi kuwa si kitu. Basi ukubwa ulikuwa wa nani? Nami niliye nyuma ya pazia nikasema moyoni, maneno hayo.  Reem akaniinamia sikioni akaninong'oneza kwamba hilo hakumfundisha yeye, kalitoa mwenyewe.

Thani alifurahi, wallahi alifurahi. Na akaanza. Goti je? Yazid akajibu. Mvua na theluji je, kacheza mechi ngapi kwenye theluji? Yazid akajibu. Siku ile alipokuwa mbele na akarusha mpira kwa adui je? Kijana anajibu kwa adabu, na kila akijibu Thani analeta kipimo chengine. Saud alikuwa keshatikisa kikombe chake zamani, maana yake katosheka na kahawa, kilichobaki anasubiri nafasi tu. Nafasi haiji. Mtu mwenye heshima hamkati kauli mwenye nyumba yake. Jaifar akajaribu, akasema, yakhe Thani, wageni wetu nadhani wana neno. Thani akamjibu, ngoja, kijana hajanijibu la theluji. Na jua linakwenda, magharibi inakaribia.

Yazid alikuwa na akili ya kuona. Akauinamia ule mpira mikononi mwake, akasema, "Ami Thani, umenishinda."

Pakawa kimya. Ndiyo nafasi yenyewe hiyo, kijana kainunua kwa kushindwa. Saud akaweka kikombe chini, akakohoa, akasema Bismillahi, sheikh Thani, sisi tumekuja kwako...

Thani akanyanyuka. Akasema kwa sauti ya ukarimu kabisa kwamba adhana inakaribia na hapendi kuwachelewesha wageni kwa safari ya Qurayyat. Akaja mpaka ukumbini, akafunua pazia. Akaniona mie, akamwona Reem nyuma yangu.  Akachukua udi kijalubani, akauweka juu ya mkaa wangu, akakichukua chetezo kwa mikono miwili, akarudi nacho majlisi na moshi unamfuata.

Akamwekea Saud chini ya ndevu. Yule mzee akakitazama chetezo, akamtazama Thani, akakitazama tena. Hakugomba. Akaupitisha moshi kwenye ndevu zake, akampa wa pili, akanyanyuka, akashukuru kwa kahawa. Yazid alibaki kakaa na mpira mapajani kama mtu aliyesahauliwa. Thani akauchukua kwa upole, akaurudisha juu ya rafu.

Reem aliosha vikombe. Aliviosha vyote, akavifuta, akavipanga, na mie nikamwambia mwanangu njoo, hakuja.

Usiku ule sikusema kitu, niliogopa ulimi wangu. Asubuhi nikamkabili Thani anakunywa chai, nikamwambia, umefanya kusudi. Akaniuliza nini. Nikamwambia Thani, mie nimekubeba mgongoni, usinifanye mjinga, umemletea udi yule mtu neno liko mdomoni. Akaweka kikombe, akanitazama kwa macho yale yale ya mtu mwema.

"Dada, kuna mtu aliyenisikia nimesema hapana?"

Nilitaka kumtupia buli. Nimejizuia kwa sababu buli ni la marehemu Hamdiya. Nikamwambia kijana yule kila ulichompima nacho kakifikia, unataka nini tena? Akasema hakuna aliyemzuia mtu kurudi, mlango uko wazi, wakirudi watanywa kahawa. Halafu, na hili alilisema taratibu, akiwa ameelekea dirishani, akauliza Reem akiondoka yeye atakaa na nani. Nikamwambia utakaa na mie. Akaendelea kutazama nje. Basi nikajua kwamba mie si mtu wa kukaa naye, ni mtu wa kuwepo tu.

Nikapiga simu Qurayyat. Nikazungumza na mke wa Saud, nikamweleza kama wanawake wanavyoelezana, kwamba yametokea makosa, warudi tu, kwa jina la Mwenyezi Mungu. Mama wa watu alikuwa na adabu kuliko ndugu yangu. Akaniambia mumewe keshajibiwa, na kasema yeye hafukizwi nyumba moja mara mbili. Yazid alimlilia ami yake, akamtuma huyu na yule, mzee hakugeuka. Na kijana aliyelelewa na mtu kwa mkate wake hawezi kwenda kuposa bila ya yeye. Siwezi kumlaumu Yazid. Namlaumu kidogo.

Nikamwambia Reem liko jambo moja limebaki. Sheria ipo, msichana ambaye walii wake, yaani babake mwenye kumwozesha, anamkatalia mtu anayemfaa bila ya sababu anakwenda kwa kadhi. Wamekwenda wengine, wameolewa, na baba zao wamekula pilau kwenye harusi kama kawaida. Nikamwambia nitakwenda na wewe, nitatoa ushahidi, na Jaifar nitamburura kwa kanzu yake. Reem alikuwa anapiga pasi. Hakusimamisha mkono.

"Nitamwambia nini kadhi, shangazi? Ataniuliza, babako kakataa? Nitasema hapana. Ataniuliza, kwani kaulizwa? Nitasema hapana."

Hapo ndipo nilipoelewa ndugu yangu kasoma kweli Amerika. Mtu akikataa anashitakiwa. Thani hakukataa. Thani kaleta udi.

Mwaka haukuisha, ikaja kadi ya harusi kwenye simu ya Reem, wametumiwa watu wote wa jengo lao la kazi, imepambwa maua. Yazid anamwoa msichana wa kwao Qurayyat. Reem alinionyesha, akaniuliza kama mie naona rangi ya maua inapendeza. Nikamwambia haipendezi. Akasema na yeye anaona haipendezi. Akaizima simu, akaenda kumtilia babake dawa ya macho.

Ijumaa iliyofuata wakaja kina Jaifar kama kawaida. Walikuwa wamekula, wamekaa, mada imeshika moto. Kulikuwa na kotabeki mpya kijana anayetisha, na Jaifar anaapa kwamba huyu ndiye, hapimiki, atawapita wote. Thani akawa anampunguza kidogo kidogo, kwa raha zake, mpira kaupakata. Mie niko jikoni nakata tikiti. Nikamwona Reem anawasha mkaa.

Nikamwuliza mkaa wa nini saa hizi, wageni ndiyo kwanza wamekaa.  Aliupuliza mpaka ukawa mwekundu, akautia kwenye chetezo, akachukua kijaluba kile kile, akaweka udi, si kidogo, udi wa kufukizia nyumba ya harusi. Akajitanda mtandio vizuri. Hao ni ami zake, wamemjua tangu kitoto, anaingia kwao bila ya taabu. Nikamfuata mpaka kwenye pazia na kisu cha tikiti mkononi.

Akaingia. Kwanza akasimama mbele ya babake na chetezo kinafuka, akamwuliza kwa adabu kabisa. "Baba, bora wao ni nani? Taja mmoja."

Thani akacheka, akawatazama wenzake kama anayewaomba nao wacheke. Akasema, mwanangu, mtu akishamtaja, mazungumzo si yamekwisha?

Reem akageuka, akamwendea Jaifar, akakiweka chetezo chini ya ndevu zake.

Jaifar alikuwepo siku ile ya Jumamosi. Alikuwa keshafungua mdomo kusema kitu, akaufunga. Akautazama moshi, akamtazama Reem usoni, na nilimwona mzee yule macho yanamjaa. Akafukiza ndevu, akafukiza upande wa kanzu, akanyanyuka kutafuta viatu vyake. Reem akampelekea wa pili, na wa tatu. Hakuna aliyeuliza kitu. Wote ni watu wa hapa, wanajua udi maana yake nini.

Thani akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua, "Reem, mazungumzo hayajesha."

"Hata ya Yazid yalikuwa hayajesha, Baba."

Akakiweka chetezo sakafuni, mbele ya miguu yake, akatoka. Milango ya magari ikafungwa nje, mmoja baada ya mwengine, na mie nikarudi kumalizia tikiti ambalo hakuna wa kulila.

Hawajarudi tena. Jaifar anamsalimia msikitini, anamwuliza hali, anakwenda zake. Thani alimwalika mara nyingi, naye kila mara anasema inshallah, kheri, tutaangalia, na Thani anajua vizuri maneno hayo yanatumikaje. Reem hajaondoka. Aende wapi? Anakwenda Al Khuwair, anarudi, anapika, kanzu za babake zinang'aa kama za bwana harusi. Anamjibu akimwuliza. Asipomwuliza, hasemi naye.

Ijumaa iliyopita baada ya chakula Thani alikuwa peke yake majlisi, televisheni imewashwa haina sauti. Akaniita. Nikaenda, nikakaa pale anapokaa Jaifar. Mpira ulikuwa mapajani mwake. Akaniambia, dada, nimefikiri sana, na nimemjua bora wao. Nikamwambia haya, nani? Akalitaja jina, na ingawa siwezi kulitamka nilijua nilishalisikia. Ni yule wa timu mbovu, asiyepata kombe. Ni yule wa Yazid.

Akasema yule kijana hoja yake ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Akasubiri nimbishie. Mie nitambishia nini, sijui hata mpira wenyewe unaanzia wapi. Nikamwambia, ahsante kwa kunambia.

Reem alikuwa ukumbini, anapiga pasi kanzu, na pazia liko wazi, kwa hivyo alisikia. Akamaliza mkono wa kulia, akamaliza wa kushoto. Akaitundika kanzu mlangoni ambapo babake ataiona, akachomoa pasi, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.